Kusema Kiingereza na Kueleweka

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo linawasumbua watu wengi wa Arusha na wa vijiji vya mlimani Meru, nalo ni hili: mtu aliyekwisha kujifunza Kiingereza cha kitabu, ajuaye kukisoma na kukiandika, afanye nini ili apate kukisema vema mbele za watu, katika mambo ya kijiji, ya masomo na ya kazi?

Nitaanza kwa habari ya kweli iliyotokea kwetu. Mwaka 1951, katika mwezi wa Novemba, serikali ya Waingereza ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika nchi ya Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe wao. Nyumba zilichomwa moto, na watu wakahamishwa. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakamtuma mwenzao, Bwana Kirilo Japhet, aende mpaka New York kwenye Umoja wa Mataifa kuwasemea. Mwaka 1952 Bwana Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza shauri la watu wake kwa Kiswahili, na wakili wao, Bwana Earle Seaton, mwenyeji wa visiwa vya Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, akamfasiria kwa Kiingereza. Shauri lile lilifika hata katika Mkutano Mkuu mwezi wa Desemba mwaka uleule, lakini halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Hata hivyo dunia ilikuwa imekwisha kusikia jina la Meru. Miaka kumi na mitano baadaye, yaani mwaka 1967, Bwana Kirilo na Bwana Seaton walitoa kitabu cha habari hizo kwa Kiingereza.

Katika habari hii nayaona mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba neno la Bwana Kirilo lilikuwa na uzito kwa sababu alikuwa na jambo la kusema. Alijua ni nchi gani iliyochukuliwa, ilichukuliwa lini, na watu wake waliteswa namna gani. Mtu asiye na jambo, hata akijua maneno yote ya kamusi, atasikilizwa kidogo kisha ataachwa. Fundisho la pili ni kwamba si kila mtu atampata Seaton. Wameru walikuwa na bahati ya kupata mfasiri mwaminifu mwenye elimu ya sheria. Lakini mtu ambaye neno lake hupita katika kinywa cha mwingine yumo mikononi mwa mwenye kinywa hicho. Mfasiri akichoka, neno litapungua; akiogopa, litalainishwa; akikosa kuelewa, litageuka. Kwa hiyo ni faida kubwa kama mwenye jambo anaweza kulichukua mwenyewe mpaka mbele ya wale wanaotoa hukumu.

Tena tazameni mji wetu wa Arusha. Mji huu umekuwa mahali pa mabaraza ya mataifa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi hapa tarehe 30 Novemba 1999, na makao yake makuu yako hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa. Na kuanzia mwaka 1995 hata mwisho wa mwaka 2015 ilikuwapo hapa Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu walioshitakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Pamoja na hayo, watu wa nchi nyingi huja kutazama wanyama na kupanda milima, na vijana huja kusoma katika vyuo vya Tengeru, Usa River, Njiro na mjini. Kila siku, basi, mwenyeji wa hapa aweza kukutana na mtu ambaye hawana lugha nyingine ya kuelewana ila Kiingereza.

Sasa yatupasa kutofautisha Kiingereza cha salamu na Kiingereza cha shauri. Cha salamu wengi tunacho. Kijana wa stendi ajua kusema habari za asubuhi, bei ya safari, na njia ya kwenda Moshi. Kiingereza cha shauri ni kile ambacho kwacho mtu hueleza jambo lake kwa taratibu, kisha huulizwa maswali ambayo hakuyatazamia, naye huyajibu. Kipimo chake hasa ni yale maswali. Hotuba mtu aweza kuandikiwa na rafiki yake, akaikariri yote. Lakini swali la ghafula hakuna awezaye kumwandikia. Wala kipimo si kusema kwa puani ili ufanane na mtu wa London au wa Chicago. Watu wa dunia nzima husema Kiingereza kwa sauti za kwao, na kama maneno ni wazi, huelewana.

Basi nataka niwatajie makosa machache ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili huyafanya, kwa sababu lugha yetu na ile hazikuumbwa sawasawa. Sikuchagua makosa ya kuchekesha. Nimechagua yale yanayoweza kumletea mtu hasara.

Kosa la kwanza ni la "ndiyo" na "siyo". Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hukumwona ndugu yangu?" nawe hukumwona, wamjibu, "Ndiyo, sikumwona." Unaliitikia neno la mwulizaji. Lakini Mwingereza hulitazama tendo lenyewe. Kama halikutendeka, hujibu "No". Sasa fikirini mwongoza wageni yuko Saddle Hut, ile kambi ya juu ya Mlima Meru, karibu mita 3,570 kutoka usawa wa bahari. Ukungu umefunga njia. Mgeni mmoja amwuliza kwa wasiwasi, "You haven't seen my friend?" Naye hakumwona, lakini kwa desturi ya Kiswahili amjibu, "Yes." Mgeni amefahamu kwamba mwenzake ameonekana, yu salama, aingia kulala. Na kumbe mwenzake yuko peke yake njiani gizani. Neno moja dogo limekuwa hatari. Dawa yake ni kutokuliacha neno "yes" wala "no" peke yake. Ongeza sentensi nzima: "No, I have not seen him." Sentensi nzima haina mashaka.

Kosa la pili ni la saa. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, wao huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilimwahidi mgeni mmoja kwamba nitamngoja "at two o'clock", na moyoni nilikuwa na saa mbili ya asubuhi. Nilisimama mvuani mpaka adhuhuri, nikaenda zangu kwa hasira, nikimwona yeye ni mtu asiye na ahadi. Naye alipokuja saa nane mchana, aliniona mimi hivyohivyo. Tangu siku ile, nitajapo saa kwa Kiingereza, hutaja na asubuhi au jioni, kisha humwomba mwenzangu airudie.

Kosa la tatu ni la "he" na "she". Kwetu neno "yeye" ni la mwanamume na la mwanamke, kwa hiyo ulimi wetu huyachanganya maneno hayo mawili ya Kiingereza bila kujua. Sokoni watu watacheka tu. Lakini hospitalini, unapomweleza daktari mgeni habari za mama na mtoto wake wa kiume, ukisema "he" mahali pa "she" atashindwa kujua nani ametapika na nani amekunywa dawa. Ukiona mambo ya watu wengi yanakuchanganya, acha maneno hayo kabisa, utaje jina la mtu au cheo chake: mama, mtoto, jirani.

Kosa la nne ni la wakati. Kiswahili huutaja wakati ndani ya neno lenyewe, mahali panaposikika: "alitembea", "anatembea", "atatembea". Kiingereza mara nyingi huuweka wakati uliopita katika mkia wa neno, "walk" na "walked", na mkia huo ni mdogo. Nasi tumezoea maneno yanayoishia kwa irabu. Mkia wa konsonanti huumeza au huuongezea sauti isiyokuwapo. Ukiumeza, tendo la mwaka jana litasikika kama tendo la kila siku. Mtu aliyeacha ulevi zamani ataonekana bado ni mlevi. Basi tamkeni mikia ya maneno, na tena mtaje siku: "last year", "yesterday", "in 2019".

Kosa la tano ni la neno "pole". Kiingereza hakina neno kama hilo, nasi tumezoea kuliweka "sorry" mahali pake. Mwenzako akijikwaa, wamwambia "pole" kwa huruma. Lakini Mwingereza akijikwaa nawe ukamwambia "sorry", huenda akadhani wewe ndiwe uliyeweka jiwe njiani. Baada ya ajali ya gari, neno hilo laweza kufahamika kuwa ni kukiri kosa. Onyesheni huruma kwa kuuliza, "Are you all right? Let me help you." Hapo huruma itafahamika bila kukiri kosa ambalo hukulitenda.

Kosa la sita nalitoa katika ile Mahakama ya Rwanda niliyoitaja. Hukumu yake ya kwanza baada ya kusikiliza mashahidi, ile ya Jean-Paul Akayesu, ilitolewa hapa Arusha tarehe 2 Septemba 1998. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, na maneno yao yakageuzwa Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa yakageuzwa Kiingereza. Majaji waliandika wazi katika hukumu ile kwamba kufasiri kulikuwa na taabu, na iliwapasa kumwita bingwa wa lugha awaeleze maana ya maneno fulani. Tena waliona kwamba shahidi aweza kuyasimulia mambo aliyoambiwa na wengine kana kwamba aliyaona kwa macho yake, mpaka aulizwe vizuri ndipo atofautishe. Nadhani sisi nasi tu hivyo. Husema, "Mto ulichukua daraja," na kumbe tumeambiwa na jirani. Msemaji wa Kiingereza cha shauri hana budi kuanza kwa kusema "I saw", au "I was told by my neighbour". Kwa kufanya hivyo, hata kama lugha yake ni ya taabu, watu watamwamini.

Baada ya makosa hayo, niseme kidogo juu ya sauti. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza, ijapokuwa huziandika kwa herufi tano zilezile, kina sauti za irabu zipatazo ishirini. Ndiyo sababu "ship" na "sheep" kwetu husikika kuwa neno moja, na mtu aliyekusudia merikebu hueleweka kuwa ametaja kondoo. Tena Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, karibu maneno yote; Kiingereza hakina kanuni nyepesi kama hiyo. Katika "photograph" mkazo uko mwanzo, na katika "photographer" umehama, uko silabi ya pili. Kwa wasikilizaji wengi wa Kiingereza mkazo ukikosewa ni shida kuliko irabu ikikosewa. Kwa hiyo, kila unapojifunza neno jipya, jifunze na mkazo wake. Piga meza kwa kidole pale penye mkazo, nawe hutasahau upesi.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo ndilo kubwa kuliko yote, yaani namna ya kujizoeza. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kusoma kitabu cha kuogelea. Wengi wamesoma Kiingereza miaka mingi darasani, na wakati wote huo hawakupata kukisema hata dakika kumi mfululizo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi nashauri watu watano au sita wa jirani, wake kwa waume, wafanye chama chao kidogo. Wakutane mara mbili kwa juma, shuleni, barazani, au chini ya mti. Hawahitaji fedha, wala hawahitaji mgeni wa kuwafundisha.

Kazi ya chama hicho iwe hivi. Mtu mmoja asimame, aeleze jambo analolijua vizuri kwa kazi yake, kwa dakika tano, bila kusoma karatasi. Mkulima wa kahawa aeleze namna ya kupogoa mibuni. Fundi wa pikipiki aeleze namna ya kubadili mnyororo. Mama wa genge aeleze namna anavyokata bei ya nyanya. Akimaliza, kila mmoja wa wenzake amwulize swali moja, naye ajibu kwa sentensi nzima. Kisha mtu mwingine ayarudie kwa kifupi maneno aliyoyasikia. Na hapo msemaji atajua kama alieleweka. Mwisho, wamrekebishe makosa mawili tu, yale yaliyoharibu maana. Akirekebishwa makosa ishirini, kesho hatakuja.

Na sheria moja iwe kali kuliko zote: mtu asichekwe. Nimewaona watu wazima wenye akili, wanaoheshimiwa katika ukoo, wananyamaza mbele ya Kiingereza kwa kuogopa kuchekwa na watoto. Haya hiyo imewanyima watu wetu mambo mengi. Anayemcheka mwenzake na aambiwe asimame yeye aseme.

Mtu asiye na chama aweza kujizoeza peke yake pia. Asikilize habari za Kiingereza katika redio, ashike sentensi moja, airudie kwa sauti mpaka iwe nyepesi kinywani. Asome kwa sauti ukurasa mmoja kila siku. Akiwa na simu, ajirekodi akieleza jambo, kisha ajisikilize siku ya pili; atayasikia makosa yake mwenyewe, wala hakuna wa kumcheka. Tena awe na daftari, asiandike maneno matupu bali sentensi nzima alizozisikia, maana maneno huingia katika mazungumzo yakiwa yamefuatana na wenziwe. Haba na haba hujaza kibaba.

Natoa mifano mitatu ya kuonyesha faida yake.

Wa kwanza ni wa kijiji. Wote mwajua kwamba chemchemi na visima vingi vya upande wa Meru vina madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeshauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Katika maji mengi ya hapa kwetu huzidi sana, nayo huwatia watoto madoa ya kahawia katika meno, na ikizidi mno kwa miaka mingi hupinda mifupa. Sasa mhandisi mgeni amefika kijijini, anataka kujua shida ya watu. Msemaji wa kwanza asimama na kusema, "Our water is very bad, please help us." Mhandisi aandika neno moja. Wa pili asimama, asema kwa taratibu ni chemchemi ipi, nyumba ngapi huchota hapo, watoto wangapi katika darasa lake wana meno ya kahawia, na ni mwendo gani kwenda kwenye maji mazuri. Kiingereza chake labda kina makosa kuliko cha yule wa kwanza. Lakini mhandisi ajaza ukurasa mzima, tena auliza maswali, naye ayajibu. Huyo wa pili ndiye aliyelichukua shauri la kijiji.

Mfano wa pili ni wa masomo. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakiingia sekondari masomo huwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari darasani hunyamaza ghafula, na mwalimu aweza kudhani ni mjinga. Ujinga hana, ametengwa na maarifa yake mwenyewe kwa ukuta wa lugha. Mwanafunzi wa namna hiyo nampa shauri moja. Kila jioni achukue jambo moja alilofundishwa, mathalani namna mvua inavyopatikana, kwanza alieleze kwa Kiswahili mpaka alielewe kabisa, ndipo alieleze kwa Kiingereza kwa sentensi tano fupi, kwa sauti, mbele ya ndugu au mwenzake. Asikariri maneno ya kitabu ambayo hayajui maana. Akifanya hivyo siku mia, atakuwa ameeleza mambo mia. Na wazazi wasioujua Kiingereza wasiseme hawana la kufanya. Na wakae wamsikilize. Mtoto husema vizuri zaidi akiwa na mtu wa kumwambia.

Mfano wa tatu ni wa kazi. Namrudia yule mwongoza wageni wa Mlima Meru. Njia yake yaanzia lango la Momella, yapita Miriakamba, hata Saddle Hut, na kilele kiko mita 4,566. Huko juu hewa ni nyembamba, na mgeni aweza kushikwa na maradhi ya mlima: kichwa kinauma, moyo unachafuka, na ikiwa mbaya ataanza kuyumba kama mlevi na kusema ovyo. Dawa ya kweli ni kumshusha. Lakini wageni wengi huficha maumivu kwa tamaa ya kufika kileleni. Mwongoza wageni mwenye Kiingereza cha salamu atauliza, "You are okay?" nao watamjibu, "Yes." Mwenye Kiingereza cha shauri atauliza swali ambalo halijibiki kwa neno moja: "Tell me how your head feels. What did you eat this evening?" Katika jibu lao atausikia ukweli. Kisha lazima aweze kumwambia mtu mwenye fedha na kiburi kwamba safari yake imekwisha, na kumweleza kwa nini, kwa upole na bila kurudi nyuma. Kwa maneno hayo machache aweza kumwokoa mtu maisha.

Kabla ya kumaliza, nataka kuondoa shaka moja. Wazee wengine hufikiri kwamba mtoto akijua sana Kiingereza ataidharau lugha ya kwao. Hatari hiyo ipo, lakini sababu yake si lugha. Sababu yake ni malezi. Mtu asiyeweza kupanga shauri lake kwa Kimeru, au kwa Kimaasai wanachokisema Waarusha, au kwa Kiswahili, hataweza kulipanga kwa Kiingereza. Wazee wetu wa baraza walijua kusubiri zamu, kutaja mambo kwa mfuatano, na kujibu bila hasira; hayo ndiyo mafunzo ya kwanza ya usemaji, nayo yako nyumbani. Wala Kiswahili hakikushindwa. Bwana Kirilo alikisema mwaka 1952 mbele ya mataifa. Na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi tukishike Kiingereza kama fundi ashikavyo chombo kimoja zaidi, bila kuvitupa vile alivyorithi.

Nawapa kazi ndogo ya juma hili. Kila mmoja wenu na achague jambo moja analolijua vizuri, asimame mbele ya mtu mmoja tu, alieleze kwa Kiingereza dakika tano, kisha aulizwe maswali matatu. Ayaandike yale aliyoshindwa kuyajibu, ayatafutie majibu, na juma lijalo ajaribu tena. Huenda siku moja kijiji chako kikatafuta mtu wa kusimama mbele ya wageni na kuwasemea wenzake. Siku hiyo ikifika haitakuwa na nafasi ya kuanza kujifunza.